Chakula cha Ndege Afugwaye Mjini



Yuko ndege wa nchi ya Australia aitwaye emu. Ni jamaa ya mbuni wa nyika za Kajiado, hana mabawa ya kurukia, na akisimama wima huweza kumpita mtu mrefu kwa kimo. Uzito wake ni kilo 40 hivi, au zaidi. Katika nchi nyingine wako watu wanaomfuga uani kama mbwa, na habari zake zikifika Nairobi huwatamanisha vijana. Basi yafaa kueleza kwanza jinsi ndege huyu alavyo, kwa maana katika kula kwake limo fundisho kwa kila mwenye kuku wawili nyuma ya nyumba.

Emu huchagua sana. Majani makavu na nyasi zilizokomaa huziacha. Hutafuta machipukizi, maua, matunda na mbegu, na msimu wa panzi na viwavi hujaza tumbo kwa hao. Tena humeza mawe, ambayo hukaa katika firigisi na kusaga chakula, kwa kuwa ndege hana meno. Hata mkaa humeza. Kisha dume ndiye alaliaye mayai, muda wa siku 56 hivi, na siku hizo karibu hali kitu. Huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini tangu mwanzo. Kwa hiyo mfugaji asiyejua tabia hiyo ataona ndege wake anakonda, naye atahangaika kumlazimisha kula, hali ndege yu mzima.

Sasa mtu amchukue ndege wa namna hiyo mpaka Laini Saba au Gatina. Chumba ni futi kumi kwa kumi, ua ni njia ya watu, na chini mna misumari, vizibo vya soda, vipande vya nyaya na chupa zilizovunjika. Ndege ambaye desturi yake ni kumeza vitu vigumu atavimeza hivyo vyote. Jambo la sheria ni fupi: kuingiza ndege kutoka nchi za nje kwahitaji kibali cha Idara ya Mifugo, na mbuni wa porini ni mali ya taifa, hafugwi bila leseni chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Tena tamaa ya ndege mgeni imekwisha kuwatia watu hasara. Katika Marekani, miaka ya 1990, jozi moja ya emu iliuzwa kwa maelfu ya dola, kwa kuwa kila mnunuzi alitaka kuzalisha na kumwuzia mnunuzi mwingine. Walipokosekana wanunuzi wapya bei ilianguka, na wako wafugaji wa Texas waliofungua milango wakawaacha ndege waende zao. Kenya nayo ilikuwa na kware. Mwaka 2013 ilivuma kwamba mayai yake yanaponya maradhi mengi. Watu wakakopa fedha, wakanunua vizimba, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likadai kila mfugaji awe na leseni. Mwaka 2014 bei ilianguka, na wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Kware mwenyewe hakuwa na kosa. Mkubwa hula gramu 20 au 25 tu kwa siku, na hutaga akiwa na wiki sita au saba. Lakini kifaranga wake hutaka chakula chenye protini karibu sehemu 24 katika 100, na aliyemlisha pumba za mahindi peke yake hakuweza kupata mayai.

Ndege wafaao Kibera na Kawangware ni wale ambao watu wamekwisha kuwazoea, yaani kuku, bata na njiwa. Kanga naye ni mzuri, lakini sauti yake hupenya mabati, na jirani wa ukuta wa pili hataisifu. Njiwa hana taabu: mpe nafaka, changarawe na maji, naye huwalisha wanawe mwenyewe kwa maziwa yatokayo katika gole lake. Bata hataki hivyo. Yeye hula huku akichota maji, na akipewa unga mkavu pasipo maji karibu huweza kukabwa. Chombo chake kiwe na kina cha kutosha kuzamisha pua, kwa kuwa ndivyo azisafishavyo. Lakini asiachwe aende mtaroni. Katika maji yaliyotuama yenye mizoga na uozo mna sumu ambayo humlegeza bata shingo mpaka kichwa kikaanguka, na mara nyingi hufa.

Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na maji yapata mara mbili ya uzito huo. Mabaki ya sukuma wiki kutoka soko la Kawangware ni mema, na omena iliyosagwa humpa protini, ila ichekechwe kwanza kwa sababu aghalabu huwa na mchanga mwingi. Maharagwe mabichi yana sumu, yapikwe. Majani, maganda na kokwa ya parachichi yasitupwe uani hata kidogo, kwani sumu yake huudhuru moyo wa ndege, na mbuni wamepata kufa kwa ajili yake.

Lililo kubwa kupita yote ni mahindi yenye kuvu. Kila mtu amekwisha kuyaona: punje zimegeuka rangi, zina harufu, hazifai kwa ugali, nazo huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Mwaka 1960 katika Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na sababu ilionekana katika mashudu ya karanga zilizotoka Brazil. Karibu na wakati huo vifaranga wa bata walikufa Kenya na Uganda kwa sumu ile ile. Ndiyo iitwayo sumukuvu, nayo huliharibu ini. Mwaka 2004, hasa upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Kuichemsha hakuiondoi. Kifaranga wa bata hufa upesi kuliko kuku, lakini kuku aishiye hutaga mayai machache, na kiasi cha sumu huweza kuingia katika ini lake na katika yai apewalo mtoto asubuhi. Aliyenunua gunia hilo kwa bei rahisi hakupata faida yo yote; mahindi hayo yafukiwe.

Njia ya kumjua ndege kama amekula vema haihitaji mizani. Jioni, akiisha kuingia bandani, mfugaji amshike na kupapasa gole chini ya shingo. Likiwa tupu, alinyimwa na wenzake au chakula hakikutosha. Likijaa, ni sawa, na asubuhi liwe limekwisha. Likiwa bado limejaa na gumu asubuhi, huenda amemeza kamba, nyasi ndefu au karatasi ya plastiki. Asipewe nafaka siku hiyo, ila maji, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kabete si mbali na Kawangware.