KUACHA SIGARA KWA PLASTA

Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama, Kondele



Mimi si daktari. Masomo yangu yaliishia katika shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu mwaijua: kubeba mataruma na kushindilia kokoto. Lakini habari ninayoileta nimeipitia kwa mwili wangu mwenyewe, na nisiyoyajua niliwauliza wauguzi.

Nilivuta sigara miaka 16. Nilianza kwa kugawana moja na rafiki, nikafika 12 kwa siku. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, sharti niwashe. Mara mbili niliapa kuacha. Mara ya kwanza nilishinda siku 4, mara ya pili siku 9. Niligombana na mama watoto, nikagombana na ninyi kazini, kisha nikarudia. Mkaniambia, "Wewe huna moyo wa kiume." Nami nikaamini.

Ndugu zangu, neno lile si la kweli, tena ladhuru. Kinachomfunga mvutaji ni nikotini iliyomo katika tumbako. Ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache, mtu akatulia. Ikipungua huja hamu, hasira na kukosa usingizi. Lakini kinachoua hasa ni moshi, wenye lami na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Huo ndio uletao saratani ya mapafu na kuharibu moyo. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema tumbako huua hata nusu ya wavutaji wasioacha.

Basi maana ya plasta ni hii: mtu hupewa nikotini kidogo kupitia ngozi, bila moshi, kisha hupunguziwa polepole mpaka mwili uzoee kukaa bila hiyo. Sisi wa reli twaelewa. Gari la mizigo lililojaa halisimami kwa ghafula. Dereva huanza kushika breki mapema, na hakuna amwambiaye kwamba hana moyo wa kiume.

Dawa hii yenyewe yahusu mwili wa mfanya kazi. Wavunaji wa tumbako wanaoshika majani mabichi yaliyolowa umande hupatwa na kichefuchefu na kizunguzungu, kwa sababu nikotini hupenya ngozi yao. Tumbako imelimwa hapa karibu, Migori na Kuria. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa Marekani, Murray Jarvik na Jed Rose, waliwaza hivi: ikiwa nikotini hupita katika ngozi ikamdhuru mvunaji, basi kipimo kidogo chaweza kumsaidia mvutaji. Walijijaribu wao wenyewe kwanza. Mwaka 1991 plasta ziliruhusiwa huko Marekani kwa cheti cha daktari, na mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni liliziingiza, pamoja na chingamu ya nikotini, katika orodha yake ya dawa za lazima.

Sasa niseme kilichonirudisha mara ya tatu. Jioni moja nilimtuma kijana wangu wa miaka 8 kibandani aniletee sigara moja. Alirudi ameibana midomoni, haijawashwa, anatembea kama mimi. Majirani walicheka, nami nikacheka. Usiku sikulala. Sheria ya Tumbako ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kumwuzia mtoto, tena yakataza kuuza sigara moja moja. Mwuzaji alikosa, lakini aliyemtuma mtoto ni mimi.

Nikaenda kwa muuguzi. Alinieleza hivi. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha ya 14 kwa wiki 2, kisha ya 7 kwa wiki 2. Hubandikwa asubuhi juu ya ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, kama vile mkono wa juu au kifua. Kesho yake yabadilishwe mahali, maana ngozi huwasha. Iliyokwisha kazi ikunjwe na kutupwa mbali na watoto, kwa kuwa bado ina sumu. Mimi niliota ndoto za kutisha, akaniambia niivue wakati wa kulala, zikaisha. Mwenye mimba au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Na vile vifuko vya nikotini ambavyo vijana huweka chini ya mdomo, msivihesabu kuwa dawa hii.

Plasta si uganga. Huongeza nafasi ya kufaulu kwa kama nusu zaidi ya kujaribu bila dawa, lakini wengi hushindwa bado, wakajaribu tena. Iliniondolea ile hasira, ila mikono yangu ilitafuta sigara kila saa ya chai. Hapo mlinisaidia ninyi. Wenzangu wa genge walikubali kuvutia mbali nami, na mmoja alikuwa akiniletea njugu. Wiki ya tatu niliteleza nikavuta moja. Muuguzi alisema nisiitupe dawa kwa ajili ya kosa moja, niendelee. Leo ni miezi 14.

Shida kubwa ilikuwa bei. Sigara 12 kwa shilingi 15 ni shilingi 180 kwa siku, yaani 1,260 kwa wiki. Plasta za wiki moja zilipita hapo, na nilizunguka maduka manne ya dawa kabla ya kuzipata. Nilikopa katika kikundi chetu cha akiba. Deni nimelipa, na sasa shilingi 5,400 hubaki nyumbani kila mwezi. Lakini kibarua asiye na mahali pa kukopa afanye nini? Sigara moja aipata kila pembe kwa shilingi chache. Dawa ya kuiacha yamtaka alipe mengi kwa mara moja.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uyafikiri mambo matatu:

1. Kamati iwaombe waajiri kwamba dawa za kuacha tumbako zihesabiwe katika matibabu ya mfanya kazi.

2. Sheria ya kutovuta mahali pa kazi ifuatwe katika karakana na vyumba vyetu vya mapumziko, nasi tuwe wa kwanza kuifuata.

3. Anayejaribu kuacha asichekwe. Asindikizwe na mwenzake mpaka kwa muuguzi, hapa Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, au apige simu ya bure ya NACADA, 1192.

Chama hiki hupigania mshahara na saa za kazi. Pumzi ya mfanya kazi ndiyo ayafanyayo yote hayo kwayo. Tuipiganie nayo.