Upasuaji wa kupunguza uzani: Matayarisho, changamoto na maisha baada ya kutoka hospitalini

Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi kwenye kikao cha uhamasisho kuhusu magonjwa yasiyoambukiza.

 

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: je, ni kweli kwamba mtu anaweza kupasuliwa tumbo ili apunguze uzani? Jibu ni ndiyo. Upasuaji huo upo, na hapa Kenya unafanywa, hasa katika hospitali kubwa za Nairobi. Lakini wengi wanaouliza wamesikia nusu ya habari. Wameona picha za mtu kabla na baada, hawakuelezwa yaliyopita katikati. Mazungumzo ya leo yanahusu hayo ya katikati.

Unene wa kupindukia si jambo geni katika kaunti hii wala nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, yaani mmoja katika kila watatu, walikuwa na uzani uliozidi kiwango. Uzani huo huleta kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maumivu ya magoti, na kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini.

Nani anafaa kupasuliwa

Chukua mfano wa mama wa miaka 42 anayeuza mahamri na mbaazi sokoni. Ana urefu wa mita 1.60 na uzani wa kilo 110. Ana kisukari, na magoti yamekuwa shida hata kufika stendi ya matatu. Amejaribu kupunguza chakula mara nyingi. Kilo 5 zinatoka, kilo 7 zinarudi.

Daktari huanza kwa hesabu: uzani kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mama huyu ni 110 kugawanya kwa 2.56, na jibu ni karibu 43. Kwa miaka mingi, kuanzia mwaka 1991, madaktari walitumia kiwango cha 40 na zaidi, au 35 kwa mtu mwenye ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilipendekeza uanzie 35 hata bila ugonjwa mwingine, na ufikiriwe kwa mwenye 30 hadi 35 ambaye ana ugonjwa kama kisukari.

Kwa hivyo upasuaji huu si wa mtu anayetaka kupungua kilo 10 kabla ya harusi. Ni matibabu ya ugonjwa, na hufikiriwa baada ya njia nyingine kujaribiwa kwa dhati.

Aina mbili zinazofanywa sana

Ya kwanza ni kukata sehemu ya tumbo la chakula. Takriban robo tatu au zaidi huondolewa kabisa, na linalobaki huwa jembamba kama ndizi. Lililokatwa halirudishwi.

Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha utumbo mdogo huunganishwa nacho ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mtu hula kidogo, na mwili hufyonza vitamini na madini kidogo zaidi kuliko awali.

Zote mbili kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo, na hubadilisha pia homoni za njaa na za sukari. Ndiyo maana sukari ya wagonjwa wengi wa kisukari huanza kushuka hata kabla ya uzani kupungua sana.

Miezi ya matayarisho

Mgonjwa hawezi kuingia hospitalini Jumatatu na kupasuliwa Jumanne. Matayarisho huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Hupimwa damu, sukari, ini, figo na moyo. Huangaliwa kama ana upungufu wa damu au wa vitamini, kwa sababu upungufu usiotibiwa mapema utaongezeka baadaye. Anayekoroma sana hupimwa pumzi ya usingizini, maana daktari wa nusukaputi anahitaji kujua. Mara nyingi tumbo huangaliwa kwa kamera ili vidonda vitibiwe kwanza.

Anayevuta sigara huacha angalau wiki 6 kabla. Sigara huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya damu kuganda na vidonda vya tumbo.

Mshauri nasaha naye ana kazi yake. Wapo watu ambao chakula ndicho kitulizo chao wakiwa na huzuni, msongo au upweke. Upasuaji hupunguza tumbo, hauondoi huzuni. Mtu asipopata njia nyingine ya kutuliza moyo, anaweza kuhamia kwenye pombe. Hatari hii inajulikana, hasa kwa sababu baada ya aina ya pili ya upasuaji pombe huingia kwenye damu haraka na kulevya kwa kiasi kidogo.

Wiki 2 hivi kabla ya siku yenyewe, wagonjwa wengi huwekwa kwenye lishe kali isiyo na wanga mwingi wala mafuta. Lengo ni kupunguza ukubwa wa ini, ambalo hukaa juu ya tumbo na humzuia daktari kuona. Mgonjwa anayedanganya katika wiki hizo hujidanganya mwenyewe, kwani ini likiwa kubwa mno upasuaji unaweza kuahirishwa.

Mama wa mahamri aanze mazoezi ya mambo matatu akiwa bado nyumbani: kutafuna polepole, kula milo midogo, na kutokunywa maji pamoja na chakula. Yanaonekana madogo, lakini ndiyo yatakayomwokoa baadaye.

Wiki za kwanza

Wengi hukaa hospitalini siku 1 hadi 3. Hutakiwa kusimama na kutembea mapema, hata kama kunauma, ili damu isigande miguuni. Kazi nyepesi zinaweza kurudi baada ya wiki 2 hadi 4. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Asiubebe kwa wiki 6 hivi. Familia ipange mapema nani atateka maji.

Chakula huenda kwa hatua. Siku za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, kwa vijiko. Kisha hadi wiki ya pili ni vinywaji kama maziwa na mala isiyo na sukari. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyopondwa: ndengu, samaki asiye na miiba, mayai laini. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini. Baadaye ndipo chakula cha kawaida kinarudi, kijiko kwa kijiko. Ugali, chapati na nyama ngumu husubiri zaidi, kwa kuwa huvimba au hukwama.

Protini hutangulia katika kila mlo, kwa kiwango cha gramu 60 hadi 80 kwa siku kwa watu wengi. Maji hunywewa kidogo kidogo siku nzima, nusu saa baada ya mlo. Soda na juisi ya miwa ziachwe. Sukari ikishuka utumboni kwa kasi, mtu hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humkata na huharisha.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Katika hospitali zenye uzoefu mkubwa ng'ambo, takriban mtu 1 katika kila 1,000 hufariki ndani ya siku 30. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo. Mshono wa tumbo unaweza kuvuja, damu inaweza kuvuja au kuganda.

Mgonjwa akipata homa, moyo kwenda mbio hata akiwa amelala, maumivu makali ya tumbo au bega, kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo. Anayetapika siku baada ya siku naye asikae nyumbani. Kutapika kwa muda mrefu humaliza vitamini B1, na mtu anaweza kuanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa. Uharibifu huo wa ubongo unaweza kuwa wa kudumu.

Hapa mkazi wa mashambani ana mzigo zaidi. Amepasuliwa mbali, na daktari aliyempasua hayuko karibu. Kwa hivyo asitoke hospitalini bila barua inayoeleza aina ya upasuaji aliofanyiwa, dawa anazotumia na nambari ya simu ya timu yake. Nakala ikae kwa mtu wa nyumbani. Akifika hospitali yoyote, barua hiyo iwe ya kwanza kuonyeshwa.

Dawa pia hubadilika. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari na presha anaweza kushukiwa na sukari au presha kupita kiasi, hivyo vipimo vifanywe mara kwa mara. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo hununuliwa dukani bila maswali, zinaweza kuleta vidonda. Asizitumie bila daktari wake kukubali.

Miezi na miaka

Wagonjwa wengi hupunguza kati ya asilimia 20 na 30 ya uzani wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Kwa mama wa kilo 110 hiyo ina maana ya kubaki na kilo 80 hivi, chini au juu kidogo. Hatarudi kuwa msichana wa miaka 18. Atapanda matatu bila kushikwa mkono, na huenda dawa zake zikapungua. Hilo ndilo lengo.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zinaweza kukatika. Kwa kawaida hurudi. Ngozi hulegea tumboni na mikononi, na wengine hupata mawe kwenye kifuko cha nyongo. Baada ya miaka kadhaa, kilo kadhaa hurudi kwa wengi, na zaidi kwa walioacha kliniki.

Vitamini na madini ni ya maisha: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D na nyingine atakazoandikiwa. Vipimo vya damu hufanywa angalau mara moja kila mwaka.

Wanawake wazingatie jambo moja: uzani ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyekaa miaka bila mtoto. Ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi vizuri baada ya aina ya pili ya upasuaji, hivyo njia nyingine ijadiliwe mapema. Na anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima azungumze kwanza na daktari wake, hasa katika mwaka wa kwanza.

Maneno ya watu

Changamoto nyingine haitibiwi kwa dawa. Katika jamii nyingi, mtu mnene anaambiwa amenawiri na mume wake anasifiwa. Akikonda kwa miezi michache, minong'ono huanza: ana ugonjwa gani? Harusini atawekewa sahani ya pilau iliyojaa, na akila vijiko vitatu mwenye shughuli ataona amedharauliwa.

Mgonjwa aamue mapema nani atamweleza na nini. Si lazima mtaa mzima ujue, lakini anayepika nyumbani lazima ajue. Mama mkwe aelezwe kwamba kumsihi mgonjwa aongeze kijiko kimoja tu kunaweza kumfanya atapike usiku kucha. Atakayemsaidia zaidi ni mume atakayekula naye polepole.

Kuhusu pesa

Familia nyingi hufikiria harambee. Ni vyema, lakini hesabu isiishie kwenye bili ya upasuaji. Iongezwe nauli ya kliniki, vipimo vya kila mwaka, vitamini za kila mwezi, na siku ambazo kibanda kitafungwa. Familia isiyoweza kugharamia miaka inayofuata isianze kwa haraka.

Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aulize kabla ya kulazwa ni kipi kinalipwa na kipi hakilipwi, na apate jibu kwa maandishi. Daktari na hospitali vithibitishwe kwamba vimesajiliwa na baraza la KMPDC. Daktari naye aulizwe bila haya: ameshafanya mangapi kama haya, na nani atamwangalia mgonjwa baadaye?

Pa kuanzia

Safari hii haianzii Nairobi. Inaanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwa kupimwa uzani, presha na sukari. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kumwelekeza mkazi. Kutoka hapo ataonana na mtaalamu wa lishe, na ikihitajika apewe rufaa.

Wapo watakaogundua kwamba hawahitaji kupasuliwa, na hiyo ni habari njema. Wapo watakaoendelea hadi chumba cha upasuaji. Na wapo watakaopima yote haya na kusema, si sasa. Huyo naye hajashindwa. Kliniki iko wazi, na mizani yake haimcheki mtu.