Begi Mgongoni Ufaransa

(Mazungumzo ya kijana mmoja wa Mombasa mbele ya vijana wenzake, baada ya darsa ya alasiri)

 

Nimeambiwa niseme kwa ufupi kwani akina mama wana shughuli ya futari, na mimi nikianza kusikia harufu ya viazi karai sitaweza kuendelea. Basi nitawaeleza safari yangu ya Ufaransa, Ramadhani ya mwaka 2018. Nilizunguka Paris, Lyon na Marseille na begi moja mgongoni, nikilala hosteli za vijana, vitanda vinane chumba kimoja.

Najua mnangoja mnara wa Eiffel. Nimeuona. Ulijengwa 1889, una mita 330, na foleni yake yashinda ya feri ya Likoni siku ya sikukuu. Nikautazama kutoka chini, nikaenda zangu.

Jambo lililonishinda Paris lilikuwa dogo. Naingia dukani, nasema, "Maji, bei gani?" Muuzaji hanitazami. Duka la pili, vivyo hivyo. Nikasema moyoni, hawa wanatubagua, si bure. Siku ya tatu Mualjeria mmoja tuliyekuwa naye hosteli akanisikia nikilalamika, akaniuliza, "Umewaambia bonjour?" Kumbe kule ukiingia duka lolote unaanza kwa salamu, hata kama wanunua kibiriti. Usiposalimu, wewe ndiye usiye na adabu. Ubaguzi upo, sikatai, nimeuona kwa macho yangu vilevile. Lakini siku zile mbili kosa lilikuwa langu, mtoto wa Kiswahili niliyefunzwa kupiga hodi na kutoa salamu kabla sijafunzwa kuhesabu!

Na kuna jingine, hili naona haya kulisema. Paris nilijificha. Nilikuwa nikiswali chumba cha kufulia nguo, kati ya mashine mbili, sikio liko mlangoni. Hakuna aliyenikataza. Niliogopa tu wale vijana wa chumbani wataniuliza maswali. Na saumu nilikuwa sifungi, kwa ruhusa ya msafiri, kwani mwezi wa Mei jua la Paris huzama karibu saa nne kasorobo usiku. Siku zile nimezilipa, alhamdulillah.

Ijumaa nikaenda Msikiti Mkuu wa Paris, wenye mnara wa mita 33. Ulifunguliwa 1926, kuwakumbuka wanajeshi Waislamu wa makoloni waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nikakaa uani nikawaza: watu walitoa roho, na mimi naogopa maswali ya kijana wa kitanda cha juu.

Lyon nilifika kwa basi, maana treni ile ya kasi haikuwa ya mfuko wangu. Mji una mito miwili, na vichochoro vinavyopita ndani ya majumba mpaka barabara ya pili. Ungedhani wapita Mji wa Kale. Huko nilizungumza na dada mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu. Chuoni anavaa mtandio, hana tatizo. Lakini sheria ya 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali, kwa hiyo miaka yake yote ya sekondari alikuwa akiuvua langoni asubuhi, anaukunja, anautia mkobani, jioni anauvaa palepale langoni. Nikamuuliza, hukuchoka? Akasema uchovu haukuwa kuuvua. Uchovu ulikuwa kusimama pale kila siku watu wakikutazama. Dada zangu mlioketi hapa na mitandio yenu, mlango wa shule mnaupita bila kufikiri.

Nikamalizia Marseille, na huko ndiko ningependa kurudi. Jamaa, Marseille ina Wangazija! Wako maelfu kwa maelfu. Sokoni Noailles nilisikia mama mmoja akihesabu kwa Kikomoro, na nusu ya maneno nayaelewa. Nikamsogelea, safari hii sikusahau, nikaanza na salamu. Akaniuliza natoka wapi. Niliposema Mombasa akanishika mkono kama amempata mtoto aliyepotea. "Umefunga?" Nikainamisha kichwa, nikasema mimi msafiri. Hakunilaumu. Akasema, "Msafiri pia hula usiku. Njoo."

Ilikuwa ghorofa ya tano na lifti imeharibika. Nikakuta mkeka umetandikwa, wali wa nazi, samaki, ndizi, wazee wamevaa kofia zilizodarizwa kama za kwetu. Huko jua huzama yapata saa tatu na robo. Dakika zikawa zimebaki chache, mzee wa nyumba akanitazama akasema, "Mgeni wa Mombasa atuadhinie."

Mimi wa chumba cha kufulia nguo. Madirisha yote yako wazi kwa joto, chini watu wanapita, majirani wako barazani. Nikataka kusema nina mafua. Mama yule akanisukuma begani.

Nikaadhini. Sauti ilikwaruza mwanzoni, mtoto mmoja akacheka, babake akamkonyeza anyamaze. Nilipomaliza nikapewa tende ya kwanza.