Unaondoka Huku Moyo Unasita

Ndugu zangu vijana, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwahi kufika siku ya mazungumzo haya.

Najua miongoni mwenu wapo walio na paspoti tayari. Mmoja anakwenda kusoma, mwingine ana mkataba wa kazi Ghuba, miaka miwili. Mchana unacheka na wenzako, usiku baada ya tarawehe usingizi hauji. Unajiuliza, "Mbona moyo unasita? Si ishara hii kuwa nisiende?" Wengine wameswali istikhara wakangoja ndoto, na ndoto haikuja! Jamani, istikhara ni rakaa mbili na dua, ndoto si sharti lake. Ukishaomba, ukachukua ushauri, ukausoma mkataba wote (usitie sahihi usichokielewa), basi shika njia ukimtegemea Mola wako.

Hebu tumtazame Ibn Battuta. Sisi hudhani alikuwa mtu asiyejua hofu. La hasha! Alitoka kwao Tangier, Morocco, mwezi wa Rajab mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, akiwa na miaka 21, nia yake Hija. Hakuwa na mwenzi wala msafara. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na alisimulia baadaye kuwa kuachana nao kuliwauma wao na yeye pia.

Njiani akashikwa na homa. Alidhoofika hata akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba, asije akaanguka. Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri. Huku salamu, kule salamu, na kuulizana hali. Yeye hakuna amjuaye, hakuna aliyemsalimu. Akalia! Mwanamume, tena msomi, analia mbele za watu. Hujaji mmoja akafahamu kilichomliza, akamwendea, akamsalimu, akawa anamliwaza mpaka wakaingia mjini. Na alipoondoka Tunis mwaka huo huo, yeye ndiye aliyekuwa kadhi wa msafara.

Kwa hiyo wasiwasi wako usikutie haya. Ubebe, uende nao.

Sasa nyinyi mnaobaki. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akaona desturi moja. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, anampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Kweli kulikuwa na biashara ndani yake, kwani mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake. Lakini mgeni alikula, akapata pa kulala. Kutoka huko akapitia hapa kwetu Mombasa, akalala usiku mmoja, akaendelea Kilwa. Je, sisi leo tukoje? Yule kijana mgeni anayefuturu peke yake pale kwenye nguzo, nani amemuuliza hata jina?

Na kuna jambo lililonigusa zaidi. Habari za kifo cha babake Ibn Battuta alizipata Damascus mwaka 1348, na mzee alikuwa ameshafariki miaka 15. Mamake akafa kwa tauni kabla mwanawe hajafika nyumbani mwaka 1349. Alilokuta ni kaburi.

Wewe una simu, huna udhuru. Kabla hujaondoka, lipa madeni yako, na usiyoweza kulipa yaandike. Muachie mama anwani ya unakokwenda na jina la mwajiri wako kamili, si "nitakupigia nikifika" tu. Wala usimfiche hofu yako. Wallahi yeye ameshaijua, tangu zile usiku ulipoanza kuzungukazunguka uani.

Naona adhana imekaribia, nikomee hapa. Yule mgeni pale kwenye nguzo, msogezeeni tende.

Wassalaam aleikum.