Aliyekuwa Karibu na Mstari

Somo: Mambo ya Walawi 5:1

Leo nataka kuwapeleka mbali kidogo, hadi kiwanja cha nyasi katika chuo kimoja huko Marekani, nilikokuwa nikisoma theolojia kabla sijawekewa mikono. Huko nilijifunza mchezo ambao wengi wenu hamjauona. Tena huko nilitenda jambo ambalo hunirudia kila nisomapo mstari huu wa Walawi.

Mchezo wenyewe huitwa Ultimate. Hauna mpira. Huchezwa kwa kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175, ambacho watu wengi hukijua kwa jina la Frisbee. Wachezaji ni saba kila upande. Ukikidaka kisahani huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, na mpinzani wako anasimama mbele yako akihesabu kwa sauti hadi kumi. Kabla hajafika kumi uwe umekwisha kumrushia mwenzako. Kikianguka chini, kimekuwa chao. Kila mwisho wa kiwanja una eneo lake, na mwenzako akikidaka humo mmepata pointi moja.

Ni wanafunzi wa shule ya sekondari ya Columbia, mjini Maplewood, jimbo la New Jersey, walioubuni mwaka wa 1968. Tarehe 6 Novemba 1972 vyuo vikuu vya Rutgers na Princeton vilikutana katika mchezo huo, ikawa mara ya kwanza kwa vyuo viwili kushindana, na Rutgers wakashinda 29 kwa 27. Namba hizi sijazisahau, maana kila mwaka niliwasimulia vijana wapya.

Lakini lililonishangaza si kisahani. Ni kwamba mchezo huu kwa kawaida hauna refa. Hakuna kipenga, wala hakuna washika vibendera. Ukimsukuma mwenzako ukaambiwa umemsukuma, unakubali au unaeleza kwa upole. Na kama kuna shaka kwamba kisahani kimedakwa nje, asemaye ni yule aliyekuwa mahali pazuri pa kuona, awe wa upande huu au wa ule. Katika mashindano makubwa ya vyuo vya Marekani huwekwa waangalizi wa kuamua. Kwingi kwingine ni neno lako tu. Wenyewe huliita jambo hilo roho ya mchezo, na limeandikwa ndani ya sheria. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Nilikumbuka viwanja vya kwetu, ambako refa yupo na kipenga chake, na bado mechi huweza kwisha kwa mawe.

Mwaka wangu wa pili walinichagua kuwa nahodha. Haikuwa kwa ustadi, kwa maana vijana kadhaa walinizidi kurusha. Nilikuwa mkubwa wao kwa miaka, tena nilifika kwa wakati. Hatukuwa na kocha wa kulipwa, kwa hiyo nahodha ndiye aliyepanga mazoezi, akakusanya pesa za petroli, akawafundisha wapya kurusha katika baridi ya kupasua midomo. Na ndiye aliyeamua nani aingie katika pointi ya mwisho na nani abaki nje akitazama. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kwa mzaha waliniita Mchungaji.

Basi ilikuwa Jumamosi jioni. (Michezo ya Jumapili ilikuwa taabu nyingine kwangu, na leo sitaigusa.) Tulikuwa 14 kwa 14, na mshindi ni wa kufika 15. Kisahani kilirushwa juu sana kuelekea pembeni. Kijana wetu mmoja wa mwaka wa kwanza akaruka, akakidaka, akashuka. Mguu wake wa kushoto ulitua juu ya mstari.

Katika mchezo huu mstari wa pembeni ni nje. Yule aliyekuwa akimkaba alikuwa ameanguka nyuma yake, hakuona kitu. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Hakuna aliyekuwa karibu kuniliko. Kijana akageuka akanitazama, na mimi nikainua mikono yote miwili juu: pointi.

Hakuna aliyeuliza. Timu yetu ikaingia kiwanjani ikipiga kelele. Kisha timu zote mbili tukasimama duara moja, tumewekeana mikono mabegani, na manahodha tukatakiwa kusema neno. Nilisema juu ya uaminifu. Niliwashukuru wale wenzetu kwa mchezo safi. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Wiki ile, baada ya mazoezi, kijana yule alibaki kunisaidia kukusanya vifaa. Nikamsifu kwa kile kisahani alichokidaka. Akasema, “Nilikanyaga mstari, Mchungaji. Nilijua. Nikakutazama wewe, na ulipoinua mikono nikafikiri labda nimekosea.”

Msikilizaji mpenzi, chukua Biblia yako usome Walawi sura ya 5 mstari wa kwanza. Hauzungumzi juu ya mwizi. Hauzungumzi hata juu ya mwongo. Unamtaja mtu aliyeona au aliyejua jambo, akatakiwa ushahidi, akanyamaza. Na unasema kwamba huyo atachukua hatia yake. Mimi nami kinywa changu hakikutamka uongo wowote siku ile. Kwa muda nilijifariji kwa hilo. Lakini macho ya kijana yalikuwa yameniita niwe shahidi. Dhamiri yake ilikuwa hai, na mimi, nahodha wake, nikaizima.

Ilinichukua majuma matatu kusema. Niliogopa timu yangu. Nilipowaambia, baadhi walikasirika, si kwa sababu ya kosa, bali kwa sababu nimelitaja. Nikamwandikia nahodha wa timu ile nyingine. Alijibu kwa mistari miwili: ameshukuru, lakini matokeo hayawezi kubadilishwa. Na kweli hayakubadilishwa. Wale vijana walikuwa wamekwisha kurudi kwao wakiwa wameshindwa, na toba yangu haikuwarudishia Jumamosi yao.

Tangu niwe mchungaji nimeketi katika vikao vingi vya kugombania mashamba. Mzazi amefariki, ndugu wanavutana juu ya mpaka, na mkonge uliopandwa zamani umeng'olewa usiku. Mara nyingi yuko mzee mmoja aliyekuwapo siku ulipopandwa. Watu wote wanamgeukia. Naye anakohoa, anaitengeneza kofia yake, anasema hayo ni mambo ya jamaa, wasikilizane wenyewe. Nimeona pia katika halmashauri ya parokia: hesabu za sadaka zinasomwa, na aliyezihesabu kwa mikono yake anajua kuwa namba si ile. Mtunza hazina mpya, kijana, anainua macho kumtazama. Baba, mama, unapoinamia kitabu chako cha nyimbo wakati huo, huyo kijana anaendelea kukutazama.

Simwiti mtu kuwa mbeya. Hata katika Ultimate, mchezaji aliye ng'ambo ya kiwanja hatakiwi kupiga kelele juu ya mstari asiouona vizuri. Aliye mbali na anyamaze. Nasema nawe uliyekuwa hatua mbili.

Mwaka uliofuata kijana yule hakurudi katika timu. Walisema masomo yamekuwa mengi. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Sikumwuliza, na sasa sijui aliko.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe ulikuwa karibu na mstari ule kuliko mimi. Mkumbuke kijana yule popote alipo leo, na wale saba walioondoka wameshindwa. Na yeyote anayesikiliza asubuhi hii, anayeitwa kikaoni leo kusema alichokiona, mpe kinywa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.