Mwite Umuulize kwa Mdomo

Juzi mhadhiri mmoja alinionyesha lundo la asainimenti za wanafunzi wake. "Hebu soma hizi tatu," akaniambia. Nikazisoma. Kiingereza laini kilekile, na swali lilihusu biashara ndogo hapa nchini, lakini hakuna iliyotaja hata soko moja la Tanzania. Yeye hasira zilimpanda. Mimi nilishikwa na huzuni.

Tangu ChatGPT, programu ya akili unde, itoke, Novemba 2022, vijana hawa wanaiachia iwaandikie, nasi tunawaita wavivu. Wavivu wapo. Lakini wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakafika kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Tangu siku hiyo wanameza wanachokijua, kwa kuwa hawawezi kukisema kwa lugha ya mtihani. Leo wamepata mashine isiyowacheka. Wataiachaje?

Na programu za kunasa maandishi ya akili unde si dawa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizipima programu saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa ni za mashine, na ziliandikwa na binadamu! Mfikirieni binti wa Kasulu aliyekesha akiandika mwenyewe, asubuhi anaitwa mdanganyifu.

Linaloniuma zaidi ni hili: mwanafunzi anajua kazi yake haisomwi. Darasa la watu 300, mhadhiri mmoja, karatasi inarudi na alama tu, bila neno pembeni. Nani atakesha akimwandikia mtu asiyesoma?

Yule mhadhiri aliwaita wale watatu, mmoja mmoja, dakika kumi kila mtu, waeleze walichoandika kwa lugha waitakayo. Wawili walikwama. Wa tatu, ambaye mama yake anauza dagaa Kirumba, Mwanza, alisimulia jinsi mkopo wa kausha damu ulivyoumeza mtaji wa mama, riba juu ya riba, mpaka mhadhiri akasahau saa. Kwenye karatasi yake hayo hayakuwamo. Akamwambia, "Nenda kayaandike hayohayo." Siku ya nne kijana akarudi na kurasa sita, Kiingereza kimejaa makosa, na mhadhiri akazisoma zote.