MTOTO ALIYEFICHWA CHUMBANI
Maneno kwa Waislamu wa Uganda





Siku moja mjini Makka Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumaini kuwa watasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona, akitaka kufundishwa dini. Mtume akakunja uso, na hapo ikateremka Sura ya Abasa, kuonya kwamba mwenye kuja kwa bidii kutaka ilimu ndiye astahiliye kushughulikiwa. Baada ya hayo Mtume alimtukuza sana. Alimfanya muadhini pamoja na Bilali, na zaidi ya mara moja alimwachia mji wa Madina alipokuwa safarini. Basi asiyeona alikuwa akiwaita wenye macho kwenye sala ya alfajiri.

Leo wako watoto wasiosikia, wasioona, wazito wa kufahamu na wenye viungo dhaifu. Wengi wao hawafiki mlangoni pa mwalimu, kwa kuwa wamefichwa chumbani. Wageni wakija, mtoto hupelekwa nyuma. Jirani husema amerogwa, au kwamba mama yake alikosa jambo. Baba naye aghalabu huanza kukawia kurudi, na mzigo wote humwangukia mama. Haendi darasani, harusini wala matangani, kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto.

Ilhali hali hizi zina sababu zijulikanazo: surua, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, uzazi uliochukua muda mrefu, na nyingine mtoto huzaliwa nazo. Hakuna katika hizo iliyo aibu ya mzazi.

Serikali nayo imeweka njia. Mwaka 1991 chuo cha taifa cha elimu maalumu kilianzishwa Kyambogo, na mwaka 2003 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Katiba ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya ishara. Na elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 1997, kwa watoto wanne wa kila nyumba, iliagizwa kwamba mwenye ulemavu atangulizwe. Ni agizo jema; lakini sheria haiji kubisha hodi. Mtoto asiyetajwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatafutiwi mwalimu.

Kwa hiyo msaada wa kwanza ni kubisha hodi. Yapasa kila msikiti uwe na kina mama wawili watatu wenye hekima, wazizuru nyumba hizi, si kwa kuuliza habari za watu, bali kwa kukaa na mtoto saa mbili ili mama apate kutoka.

Wa pili ni nauli. Mtoto aitwaye mkaidi huenda hasikii. Na hilo halijulikani mpaka masikio yapimwe. Hospitali i mbali, na maskini hurudi njiani. Sadaka ya Ijumaa, na zaka kwa aliye fakiri, zinaweza kumfikisha.

Wa tatu ni chuo cha Kurani. Mwalimu amweke mbele mtoto mzito wa masikio, amwelekezee uso anaposema, wala asimpige kwa asichosikia. Akijifunza ishara, na ndugu zake wajifunze pamoja naye. Kwani ishara anazozijua peke yake humwacha bubu nyumbani mwake.

Haya hayahitaji jumba wala fedha nyingi. Yahitaji watu kutoona haya kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakuliona kuwa haya.

Mwenyezi Mungu awape subira wazazi hawa, na awape majirani zao miguu ya kuwaendea. Amin.